Gari la kompyuta nyingi au Corolla la zamani: lipi litanifikisha miaka 15?

"Shikamoo fundi. Naishi Tanga, karibu na bahari. Nina Corolla 110 la mwaka 1999, injini ya 5A, limetembea zaidi ya kilomita 340,000 na bado linanifikisha Dar na Lushoto. Chini ya milango limeanza kuliwa na kutu, na linakula oili kidogo. Nimejichanga nikapata fedha ya kuagiza gari la 2016 kutoka Japani: limeinuka kidogo, injini ndogo ya 1.2 yenye turbo, gia za CVT, la kubonyeza kitufe, linajipiga breki lenyewe likiona hatari. Baba yangu, aliyeendesha Peugeot 504 enzi zake, anasema magari ya siku hizi ni kama simu, kompyuta ikifa unatupa. Fundi wangu naye ananiambia nitafute gari lisilo na kompyuta. Mimi nataka gari la kukaa nalo miaka 15, hadi wanangu wamalize shule. Nani yuko sahihi?"

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona kinachokukosesha usingizi ni kumaliza akiba kwenye gari ambalo mwaka wa sita litazima pale Segera, livutwe hadi Tanga, halafu kila fundi aliangalie na kutikisa kichwa. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Ila naona umeielekeza pasipo pake. Mzee wako amesema nusu ya kweli, na nitairudia nusu hiyo kwa heshima yake. Fundi wako amekosea.

Nianze na fundi, maana la kwake ni fupi. Hilo Corolla lako lina kompyuta. Injini ya 5A-FE inapulizia petroli kwa nozeli za umeme, na anayeziamrisha ni kontroli boksi, kasha la bati lililofichwa ndani ya dashibodi. Limekaa humo zaidi ya miaka 25 na nakisia hujawahi hata kuliona. Mwambie fundi wako ainue boneti atafute kiboksi cheusi chenye maandishi DIAGNOSIS kwenye kifuniko. Katika Toyota nyingi za zama zile, ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, ukafungua swichi bila kupiga stata, taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kukonyeza. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara mbili tena, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji ina kasoro. Gari lako limekuwa likizungumza miaka yote hii, na hakuna mashine ya kununua ili kulisikia.

Sasa mzee wako. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, na ilibeba watu wa Afrika Mashariki katika barabara ambazo leo tungezikataa. Lakini mwombe akusimulie na kazi iliyokuwa inamsubiri kila mwezi. Alikuwa anafungua distribyuta kusugua vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche, kwa sababu vinaungua na kuliwa. Kabureta aliirekebisha kwa sikio na bisibisi. Asubuhi ya baridi alivuta choki, na injini ikamezeshwa petroli kuliko inayoweza kuichoma.

Hiyo petroli ya ziada ndiyo iliyokuwa inaua injini. Isipoungua haipotei hewani. Inateremka kwenye kuta za silinda na kuosha utando wa oili uliotenganisha ringi za pistoni na chuma, kisha inaingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuifanya oili kuwa nyepesi kama maji. Ringi zinabaki zikisaga chuma kwa chuma. Ndiyo maana enzi zile injini kufunguliwa kabla ya kilomita 150,000 halikuwa jambo la kumshangaza mtu. Magari mengi ya Kimarekani yalikuwa na mita ya tarakimu 5 tu. Ikifika maili 99,999 inarudi sifuri, na tarakimu hizo zilionekana zinatosha. Kompyuta ilipoingia ikaanza kupima hewa inayoingia na moshi unaotoka, na kutoa petroli kwa kipimo, mara nyingi kila sekunde. Huko Marekani wastani wa umri wa magari madogo barabarani mwaka 1995 ulikuwa kama miaka 8 na nusu. Kufikia mwaka 2024 wastani wa magari yao ulikuwa miaka 12.6. Rangi bora na oili bora zina mchango wake hapo, lakini petroli na cheche zinazopimwa sawasawa zina sehemu kubwa. Kilomita 340,000 zako umezifikia ukisaidiwa na kompyuta.

Je, kompyuta ya gari inakufaje? Chipu yenyewe hufa mara chache sana. Katika miaka yangu ya kazi, kontroli boksi nilizozikuta zimekufa kweli zinahesabika. Zilizosingiziwa ni nyingi mno. Kinachokufa kwanza ni vinavyoizunguka, na wauaji ni wanne: joto, maji, umeme mbovu na mikono ya watu.

Joto linaua kapasita, vile vikopo vidogo vyenye majimaji ndani vinavyotuliza umeme kwenye bodi. Kwa makadirio ya mafundi umeme, joto likipanda nyuzi 10 maisha ya kapasita hupungua karibu nusu. Baadhi ya magari ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 yanajulikana kwa ugonjwa huu: kikopo kinavuja, majimaji yanakula njia za shaba, na gari linaanza kuwa na tabia zisizoeleweka. Dawa yake ni fundi redio mwenye mkono mtulivu na risasi ya kuchomelea. Unaona kwamba hata hapa uzamani haukuwa kinga.

Maji kwako wewe yana chumvi. Hewa ya bahari ya Tanga inaingia kwenye soketi na kuacha ile kutu ya kijani, na sensa nzima haina njia ya kupitisha habari kwenye pini iliyooza. Wakati fulani niliitwa kwenye gari lililokuwa linazima kila likipita tuta. Mwenyewe alikuwa ameshanunua kontroli boksi mbili za mtumba. Tatizo lilikuwa bolti moja ya arthi, ile inayofunga waya mweusi wa kurudisha umeme kwenye bodi. Chumvi ilikuwa imeila hadi imegeuka unga. Tuliisugua, tukaikaza, tukaipaka grisi, na gari halikuzima tena. Niliumia kwa ajili ya yule bwana, kwa sababu fedha iliyopotea ilikuwa ya karo za watoto, na haikupotezwa na kompyuta. Ilipotezwa na kubahatisha.

Umeme mbovu unatokana na altaneta inayochaji betri bila kujizuia, na kubusti betri huku waya zikigeuzwa. Katika gari kama lako, injini ikiwa inaunguruma, voltimita kwenye betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikipita 15, zima, usiendeshe hata hadi sokoni. Ukipeleka gari kuchomelewa bodi, betri ifunguliwe kwanza. Nimeona watu wakikataa kupoteza dakika tano hizo na kupoteza gari zima. Na mikono? Fundi wa alamu anayekata waya kumi na kuziunga kwa tepe, na kijana wa kuosha anayeelekeza mpira wa maji yenye shindo moja kwa moja kwenye injini.

Liko moja la mikono ambalo linaniuma zaidi. Gari likichemsha, fundi anatoa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, na kuitupa, akisema nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Matokeo yake, barabarani maji hayafikii joto lake la kawaida. Sensa inaiambia kompyuta ukweli: injini ni baridi. Kompyuta inafanya inachotakiwa kufanya kwa injini baridi, inaongeza petroli, kutwa nzima, mwaka mzima. Tunarudi kule kule kwa choki ya mzee wako, petroli inaosha oili ukutani. Kama Corolla lako linakula oili, hebu angalia kwanza kama thamostati ipo.

Na nusu ya kweli ya mzee wako ni hii. Gari la zamani linazeeka kwa kukuonya: linakohoa, linapiga kelele, linapoteza nguvu miezi sita kabla ya kusimama, na bushi yake fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, anaweza kukukerezea kwenye chuma chochote. Gari jipya linaweza kuwa zima usiku na asubuhi likakataa kuwaka kwa sababu ya kitu usichoweza kukichonga. Mwaka 2021 kampuni ya Tesla iliyaita magari karibu 135,000 ya Model S na Model X kule Marekani, kwa sababu chipu ya kumbukumbu ya gigabaiti 8 nyuma ya skrini ilikuwa inachakaa. Kumbukumbu ya aina hiyo ina idadi ya mara inazoweza kuandikwa na kufutwa, kama karatasi inayotoboka kwa kufutwafutwa. Gari liliandika mambo yake humo kila siku, na baada ya miaka mitano sita skrini ikaanza kuzima na kuondoka na kamera ya nyuma. Mota nzima, tairi nzima, lakini gari limeshakuwa na kasoro ya usalama. Kifo cha namna hii mzee wako hakukijua, nami sitamwambia hakipo.

Zaidi ya hapo, makasha mengi ya magari mapya yamefungwa kwa namba ya chesisi. Ukileta la mtumba kutoka gari jingine, lile la kwako linamkataa mgeni hadi mtu mwenye programu husika aje kulitambulisha. Kwa hiyo swali la kuliuliza gari lolote si kwamba lina kompyuta ngapi. Uliza ni nani hapa Tanga anayeweza kuzisoma, na kama kasha hilo litakuwepo sokoni likifikisha miaka 15.

Nirudi kwenye hilo gari la 2016 unalolitaka. Mwanangu, kompyuta zake hazinitishi kama vyuma vyake. Injini ndogo yenye turbo inatoa nguvu ya injini kubwa kwa kujibana. Turbo yenyewe, feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando wa oili. Oili ikichelewa kubadilishwa, au ikiwa ya bandia, inaungua na kuziba vijitundu vinavyoilisha turbo. Injini nyingi za aina hii pia zinapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Katika injini kama ya Corolla lako, petroli hupita juu ya vali za kuingiza na kuzisafisha njiani. Kwenye hizi haipiti hapo, hivyo masizi ya oili yanajijenga kwenye vali hadi injini inatetemeka. Baadhi ya watengenezaji walilijibu hilo kwa kuweka nozeli za aina mbili katika injini moja. Muulize muuzaji kama injini ya hilo la 2016 inazo. Tena nozeli hizi hazina uvumilivu na mafuta machafu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, alama za kugundua mafuta yaliyochanganywa, mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umekithiri, na hali imekuwa bora tangu hapo, ila kituo cha mafuta bado ni cha kuchaguliwa kwa makini.

Gia za CVT ni mkanda wa chuma unaopita kwenye magurudumu mawili yanayoubana. Zinadumu vizuri zikipewa maji yake maalumu. Zikiwekewa oili ya gia otomatiki ya kawaida, mkanda unateleza na kukwaruza, na kutoka hapo hakuna kurudi. Kule Lushoto, kwenye ule mpando kutoka Mombo, ndiko zinakopata joto hasa.

Hayo madogo nayapitia upesi. Breki za kujipiga zinategemea kamera iliyobandikwa nyuma ya kioo cha mbele. Jiwe likivunja kioo kwenye njia ya Dar, kioo kipya kinadai kamera ipangwe upya kwa vifaa, la sivyo inaona barabara isiyokuwepo. Redio za Kijapani nyingi zinajifunga betri ikifunguliwa na kudai kadi ya ramani, na masafa ya FM ya Japani huanzia 76 na kuishia chini ya 100, wakati yetu ni 87.5 hadi 108, hivyo stesheni nyingi hutazipata. Funguo hakikisha ziko mbili kabla hujalipa.

Uchague nini basi? Corolla lako, kama kutu iko kwenye bati la milango tu, linaweza kukupa miaka mingine mitano kwa gharama ndogo. Kama imefika kwenye sehemu zinazoshika shokamzoba na mikono ya tairi za mbele, usilifufue. Na hapa sitaki kukuficha kitu: wewe unapanda Lushoto na watoto. Corolla la mwaka 1999 halina kompyuta ya kulizuia gari kuserereka kwenye kona. Kule Marekani mfumo huo ulionekana kupunguza karibu nusu ya ajali za vifo za gari linaloacha njia peke yake, ndiyo maana ukawa wa lazima kwa magari madogo mapya kuanzia matoleo ya mwaka 2012. Wanaotamani gari lisilo na umeme wowote wanalisahau hili, na mimi siwezi kulisahau.

Mimi ningekushauri la katikati: gari la kati ya 2008 na 2014, injini ya 1.5 au 1.8 isiyo na turbo, inayopulizia petroli nje ya silinda, na ikiwezekana gia otomatiki za kawaida za hatua nne. Probox la kizazi cha kwanza lenye injini ya 1NZ ni la namna hiyo, na kama unataka lililoinuka, Rush la injini ya 3SZ ni la namna hiyo pia. Tafuta lenye ule mfumo wa kuzuia kuserereka, maana haukufungwa kwenye kila toleo. Mashine za kuyasoma ziko kila mji, spea zimejaa Ilala na Kariakoo, na vijana wengi wamejifunzia kazi juu yake. Utalipia ushuru wa uchakavu. Piga hesabu kabla ya kuagiza, lakini usiuache peke yake ukuchagulie gari.

Kuna tahadhari moja kwa magari ya miaka hiyo ambayo kwako ni kubwa kuliko kwa mtu wa Njombe kwenye baridi. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, na iliyofungwa kwenye magari ya chapa nyingi kuanzia miaka ya 2000, ina baruti inayoharibika kwa joto na unyevu wa muda mrefu. Ikilipuka wakati wa ajali inaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Iliyoitwa kubadilishwa duniani ni karibu milioni 100. Tanga ni joto na unyevu mwaka mzima. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kununua, uone kama gari limeshabadilishiwa.

Ukishikilia lile la 2016, sitakuzuia. Ila ulinunue ukijua unanunua na wajibu wake: oili sahihi kila kilomita 5,000, maji ya CVT ya namba yake, na fedha ya pembeni isiyoguswa kwa ajili ya turbo au gia. Kama ada za shule zitakulazimisha kuruka hayo, gari hilo litakuadhibu mapema kuliko Corolla lilivyowahi kukuadhibu.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyapima kwa barua. Taa ya injini ikiwaka tuli, una siku chache za kumwona fundi mwenye mashine. Ikikonyeza huku injini inatetemeka, pumzisha gari hapo hapo, maana petroli isiyoungua inaingia kwenye eksozi na kuiunguza. Taa nyekundu ya oili au joto: zima, ita mtu. Taa ya breki au ya mifuko ya hewa usiizoee hata kama gari linakwenda.

Gari utakalolipenda, la hapa nchini au lililoshuka bandarini, lipeleke kwa fundi wa umeme asome makasha yote, la injini, la gia, la breki na la mifuko ya hewa, kabla ya fedha kubadilisha mikono. Mwambie muuzaji asiliwashe asubuhi hiyo. Injini ikishapata moto inaficha mengi. Na usikubali mtu yeyote afute makosa kwenye kompyuta kabla fundi wako hajayasoma. Kama muuzaji atasema yameshafutwa, endesha kilomita 80 au 100 kisha yasomwe tena. Hilo Corolla nalo lifanyie hivyo hivyo wiki hii, kwa kile kipande cha waya, na uangalie thamostati.